Hesabu Nondo, Pima Mvua

Labda unalima mahindi au mtama, au ngano kama kule Basotu. Asubuhi unakwenda shambani. Juzi shamba lilikuwa kijani. Leo yamebaki mashina matupu. Chini kuna viwavi weusi wengi, wanatambaa kuelekea shamba la jirani. Hao ni viwavijeshi. Maharage huyaacha, lakini malisho ya ng'ombe huyamaliza.

Viwavijeshi hawazuki tu. Mama yao ni nondo, mdudu anayeruka usiku. Upepo humchukua mbali, hata mamia ya kilometa. Mvua inaponyesha, nondo wengi hushuka mahali pamoja na kutaga mayai kwenye majani. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Viwavi wachanga ni wadogo sana, wala huwaoni. Wakisongamana, hugeuka weusi kadiri wanavyokua. Siku utakapowaona wamejaa shambani, mazao mengi yamekwisha liwa. Dawa hufaa zaidi wangali wadogo. Kwa hiyo inatakiwa kujua mapema.

Nani atakujulisha? Kwa miaka mingi serikali ilitega mitego ya nondo mahali mbalimbali nchini. Hesabu zilipelekwa kwa wataalamu wa Tengeru, karibu na Arusha, nao wakatoa utabiri. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini nchi ni kubwa. Mvua ya Dongobesh si mvua ya Katesh. Hata mlima mmoja, upande huu huloa na upande ule hubaki mkavu. Utabiri wa wilaya nzima hauwezi kukupa habari za kijiji chako.

Ndipo wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ilipojaribu njia nyingine katika msimu wa 2001/2002. Wakulima wa vijiji vichache walifundishwa kutabiri wenyewe. Walipewa mtego na kipimamvua. Ndani ya mtego mna kidonge chenye harufu kama ya nondo jike. Dume huifuata, huingia, wala hatoki. Mkulima huhesabu nondo, hupima mvua, huandika. Nondo wakiwa wengi na mvua ikanyesha, hutangaza kijijini: kagueni mashamba! Kazi hiyo haikuhitaji chuo kikuu. Ilihitaji kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani hayo hayo uliyojifunza darasani.

Kidonge cha mtego hakitengenezwi nyumbani. Mwulizeni afisa ugani wa kata. Tena msichanganye. Wako viwavijeshi vamizi, walioonekana Tanzania mwaka 2017. Hao hujificha katika majani machanga ya katikati ya mhindi, na kidonge chao ni kingine.

Lakini kupima mvua unaweza kuanza kesho. Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, mdomo na kitako vilingane. Liweke mahali wazi, mbali na miti na paa, na ulizungushie mawe ili mbuzi wasiliangushe. Kila siku saa 3 asubuhi simamisha rula ndani yake. Chagua rula ambayo sifuri yake iko kwenye ncha kabisa. Soma milimita, andika, kisha mwaga maji. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila meta 1 ya mraba. Katika eka moja ni lita 4,000 hivi. Usiidharau.

Siku isiyo na mvua andika 0. Watu wengi huiruka, wakidhani sifuri si habari. Ni habari kamili: mtu alikwenda, akatazama, akakuta pakavu. Lakini siku ambayo hukupima, kwa sababu ya msiba au safari, usiandike 0. Acha mahali pake wazi. Ukiandika 0 kumbe mvua ilinyesha, jirani atakayeliamini daftari lako hatakwenda kukagua shamba lake.