HABARI YA KAZI IPITE NJIA GANI?

Ndugu mfanyakazi, kofia unavaa kichwani, viatu vigumu miguuni. Siku hizi unakwenda kazini na chombo kingine mfukoni: simu. Simu inaokoa mtu. Simu inaumiza mtu vilevile.

Tuseme jiwe limemwangukia mwenzako karieri. Daktari hajafika bado, na mtu amekwisha kupiga picha na kuitia katika kikundi cha WhatsApp cha timu. Kitambo kidogo picha iko Katuba, iko Ruashi. Bibi yake anapata habari sokoni, katika simu ya jirani. Nani kati yetu angependa bibi yake aambiwe hivyo?

Wengi hujibu: «WhatsApp ina kufuli.» Ni kweli. Tangu mwaka 2016 ujumbe wake unafungwa toka simu ya mtumaji mpaka simu ya mpokeaji. Mtu wa katikati hawezi kuusoma. Lakini kufuli hilo linalinda njia, halilindi mwisho wa njia. Aliyeacha kazi na hakutolewa katika kikundi, anasoma. Mtoto anayechezea simu ya baba, anasoma. Aliyepokea picha anaituma tena apendako. Na Telegram haiweki kufuli la namna hiyo, isipokuwa ukichagua mwenyewe mazungumzo ya siri.

Basi chombo kizuri cha kazi ni kile ambacho kompani inakitawala: inajua nani yumo, na inamtoa siku anapoondoka.

Na watu wa nje? Hoteli ya Karavia, hapa kwetu Lubumbashi, imepokea mara nyingi mkutano mkubwa wa migodi, DRC Mining Week. Wauza mashine, watu wa benki na watu wa migodi wanapeana kadi na namba za simu. Ni jambo jema kwa kazi. Lakini mgeni hukaribishwa barazani, haingizwi chumbani. Usimtie katika kikundi cha ndani, hata kama ni rafiki.

Sikieni yaliyotokea Norwei. Mwezi wa Machi 2019, wezi walifunga kompyuta za Norsk Hydro, kampuni ya aluminiumu yenye wafanyakazi 35 000. Walipita wapi? Mfanyakazi mmoja alikuwa amefungua barua pepe yenye virusi, iliyotoka kwa mteja aliyeaminiwa. Viwanda vilirudi kwenye karatasi na kazi ya mikono. Kampuni ilikataa kuwalipa wezi. Hata hivyo hasara ilifika dola milioni 71 hivi.

Kwa hiyo, kila habari ipite njia yake:

1. Ajali na hatari: redio ya kazi au namba ya msaada ya kompani, mara moja. Usitegemee intaneti. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ilikatwa katika nchi yetu karibu siku 20. Redio ya kazi haihitaji intaneti.

2. Kazi ya kila siku: chombo cha kompani, si kikundi cha marafiki.

3. Mtu wa nje: barua pepe ya kompani. Akiandika kwamba namba yake ya benki imebadilika, mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo ndani ya barua.

4. Habari za mgonjwa: ni za mgonjwa na daktari wake. Sheria ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya kompyuta na intaneti inalinda habari za kila mtu.

5. Kifo au jeraha kubwa: mkubwa wa kazi aende mwenyewe nyumbani kwa jamaa. Habari hiyo husemwa kwa mdomo, ana kwa ana.

Nanyi mama wa nyumba, mkono wenu unatakiwa pia. Picha ya ajali ikifika kwako, usiitume kwa mwingine. Ifute. Huyo aliyelala chini ana mama, na mama yake ana simu.

Wakubwa wa timu, wiki hii someni majina katika vikundi vyenu, moja moja. Asiye wa kazi atolewe.

Kabla ya kutuma, jiulize: nani atasoma? Kama hujui, usitume.