Sumu ya Nyoka Si Moja

Ndugu mkulima, wengi hudhani ya kwamba aliyeumwa na nyoka asipovimba amepona. Sivyo. Sumu ya kifutu hula nyama: mguu huvimba kwa maumivu makali, hutoka malengelenge, na pengine huoza. Lakini koboko, sumu yake hushika mishipa ya fahamu. Pengine huoni uvimbe wo wote, kumbe baada ya muda mfupi kope hulegea, ulimi huwa mzito, na pumzi hukatika. Basi usimwache mwenzio alale nyumbani kwa kuwa mguu wake waonekana mzima.

Dawa ya sindano hupatikana kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kutwaa maji ya damu yake. Nayo hushinda sumu zile alizozizoea farasi, au zilizo karibu nazo. Huko Ghana, tangu mwaka 2004, dawa iliyofanywa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi ilishindwa na sumu ya nduguze wa Afrika, na watu wakafa.

Mlaze mgonjwa, mguu usitikisike, mchukueni kwa machela upesi hospitalini. Msimchanje, wala msimkaze kamba (hili naliona kila mwaka wakati wa palizi). Kumbukeni rangi na urefu wa nyoka, mkamwambie mganga; ila msimfuate majanini.