Kutathmini Ushauri wa Kitaaluma Vyuoni
Makala haya yanadai kwamba ubora wa ushauri wa kitaaluma haupimiki kwa idadi ya fomu zilizotiwa saini. Tuchukue Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha kwa njia ya masafa mwaka 1994. Mwanafunzi akaaye Magomeni na kuuza dukani Kariakoo hujisomea usiku. Asipompata mshauri, hukwama peke yake. Kitenzi *shauri* huzaa *shauriana*, yaani tendo la pande mbili. Basi tathmini iulize: je, mwanafunzi alieleza kikwazo chake? Alichagua kozi akijua sababu? Alirudi kabla ya kufeli? Jibu likiwa la, ipo haja ya kuweka saa za ushauri jioni, na kuandika makubaliano ili yafuatiliwe katika kikao kifuatacho.