Wastani Hautembei

Katika miaka ya 1980, Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka Marekani na Italia waliwaita maabarani wanawake wachache wa Kijaluo na Kikikuyu. Wajaluo walijitwika mizigo kichwani. Wakikuyu waliibeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Kisha wakatembea juu ya mkanda unaozunguka huku pumzi zao zikipimwa ili kujua wanatumia oksijeni kiasi gani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature. Mzigo wenye asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati hata kidogo. Kwa mwanamke wa kilo 60, hiyo ni ndoo ya lita 12, na mwili wake haukudai chochote cha ziada. Mzigo ulipofika asilimia 30, gharama ilipanda kwa asilimia 10 tu. Askari wapya wanaobeba shanta mgongoni hawapati nafuu ya namna hiyo. Kwao kila kilo inalipiwa.

Ufafanuzi ulikuja mwaka 1995. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda kidogo kila mguu mmoja unaposimama wima, halafu hushuka mbele, mithili ya mizani ya saa ya ukutani iliyopinduliwa juu chini. Nishati ya kupanda hugeuka kuwa nishati ya kwenda, lakini si yote. Nyingine hupotea njiani na misuli hulazimika kuifidia. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo kuliko walipotembea mikono mitupu.

Ikawa rahisi kudhani kwamba mwanamke wa Kiafrika, popote alipo, ana siri hiyo miguuni. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini, na siri ikayeyuka. Kwa wastani, kujitwika hakukuwa na unafuu wowote kuliko kubeba mgongoni, hata kwa waliozoea kazi hiyo, na shingo ziliumia, jambo ambalo aliyewahi kuteka maji kisimani na kujitwika hakuhitaji kuambiwa na mtafiti. Lakini nyuma ya wastani huo kulikuwa na jambo zito zaidi. Wanawake walitofautiana sana. Wapo waliobeba kwa nishati kidogo, wapo waliotaabika, ingawa mzigo ulipimwa kwa kanuni ile ile. Huenda hakuna aliyekosea, wa 1986 wala wa 2010: ukipima watu wachache, utakachopata kinategemea nani amekuja siku hiyo.

Tofauti hizo zinatoka wapi? Jibu la haraka ni kurithi au kuzoea. Nzi wa matunda wanalitia shaka jibu hilo. Katika maabara ya Benjamin de Bivort, Chuo Kikuu cha Harvard, nzi waliofanana kijenetiki na kulelewa pamoja waliachwa watembee kwenye vijia vyenye umbo la herufi Y. Ukiwachanganya wote, kulia na kushoto zilikuwa nusu kwa nusu. Ukimfuata mmoja mmoja, huyu alipenda kulia, yule kushoto, na kila mmoja akashikilia upande wake siku baada ya siku. Watoto wa nzi wa kushoto hawakurithi ushoto. Watafiti walipozima kundi dogo la seli za neva katikati ya ubongo, nzi walizidi kutofautiana. Ripoti hiyo ya 2015 inaashiria kwamba ubongo wenyewe, unapojijenga, huacha nafasi ya bahati nasibu.

Kwa binadamu, alama ya kila mtu imo hadi ndani ya misuli. Mwaka 2019 François Hug na wenzake walirekodi umeme wa misuli ya miguu ya watu 80 wakitembea na wakiendesha baiskeli. Kompyuta iliyofundishwa rekodi hizo iliweza kusema huyu ni nani kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 98.

Kutofautiana kuna bei pale mnapolazimika kwenda pamoja. Huko Mpala, Laikipia, nyani wa kundi moja walivalishwa kola za GPS zilizoandika walipo kila sekunde. Kila nyani ana kasi inayomfaa kulingana na urefu wa miguu yake, lakini kundi haliwezi kuwa na kasi ishirini. Uchambuzi wa 2021 ulionyesha kwamba wote huacha kidogo kasi wanayoipenda ili wasitengane, na wadogo ndio huiacha zaidi.

Somo hili, kwamba wastani huficha tofauti za mtu na mtu, linagusa hata mfuko wa mkimbiaji. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard alionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokulia pekupeku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya wayo, na wengi wakaamini hiyo ndiyo namna ya asili ya kukimbia. Miaka mitatu baadaye, Kevin Hatala na wenzake waliwapima Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, nao pekupeku tangu utotoni. Katika kasi ya kawaida ya mbio ndefu, kisigino kilitangulia kwa asilimia 72. Walipoongeza kasi, baadhi yao wakabadilika.

Kwa hiyo mkimbiaji asiyeumia hana sababu ya kubadili anavyokanyaga kwa kuwa tu ameona tangazo la viatu. Anayeumia aombe kupimwa mwendo wake mwenyewe kabla ya kununua jozi nyingine.