Kovu Lisiloonekana

Hapa kwetu Roret mama akifanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe wa mfuko wa uzazi, yaani fibroidi, majirani humletea mursik na kumpa pole. Baada ya miezi kadhaa wanamwona tena shambani, kapu la majani chai mgongoni. Basi, twasema, yameisha. Kwa wengi ni kweli yameisha. Wachache sana ndio hupata taabu miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena anayeukumbuka upasuaji ule.

Fibroidi huota katika msuli wa mfuko wa uzazi, na si saratani. Ikiwa mama angali anataka watoto, daktari hukata msuli, hutoa uvimbe, kisha hushona. Mshono ukipona huwa kovu, nalo kovu halitanuki kama msuli. Mimba inapokua, kovu hilo laweza kuachana na mfuko ukapasuka. Ni nadra, chini ya mama mmoja kwa kila mia, lakini huweza kutokea hata kabla ya uchungu kuanza, aghalabu miezi ya mwisho. Damu humwagika ndani ya tumbo na mtoto hukosa hewa kwa dakika chache tu. Hebu fikiria mama huyo yuko nyumbani na mkunga, usiku, mvua inanyesha na barabara ni matope! Ndiyo maana aliyekatwa kwa kina mara nyingi huambiwa azae kwa upasuaji, tena katika hospitali kubwa, si zahanati. Wakati mwingine pia kondo la nyuma hujishika kwenye kovu likakataa kutoka.

Taabu nyingine humpata hata aliyekwisha kuzaa. Ndani ya tumbo, kovu huweza kuota nyuzi zinazoyashikanisha matumbo. Siku moja, pengine baada ya miaka kumi, utumbo unajipinda na kuziba. Tumbo hujaa na kukata, mama anatapika, choo hakitoki wala upepo. Sisi tutasema ati ni amiba, tumnunulie vidonge dukani. Kumbe anahitaji daktari siku hiyo hiyo, kwani utumbo uliozibwa huweza kuoza.

Kuna pia upasuaji wa matundu madogo, ambapo kifaa husaga uvimbe ili utoke. Vipande vikibaki huweza kuota upya tumboni. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya kifaa hicho, hasa kwa hofu ya kusambaza saratani iliyojificha.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Wako mama wanaoficha upasuaji huu hata kliniki, kwa haya ya kuulizwa habari za uzazi. Karatasi ya kutoka hospitalini nayo hutupwa, au huwashia moto jikoni. Ni heri iwekwe pamoja na kitambulisho, maana mama akishika mimba daktari atataka kujua kisu kilifika wapi katika msuli, na kovu la nje haliwezi kumwonyesha.