Chupa za Manukato za Kilwa

Julai 1505 Wareno waliingia Kilwa Kisiwani kwa merikebu na mizinga, jemadari wao akiwa Francisco d'Almeida. Walipokwisha kuuteka mji wakaanza kupora. Katika msafara ule palikuwa na mtu aliyependa kuandika, naye akataja mali alizozikuta mjini: vitambaa vya pamba, ubani, dhahabu, fedha, lulu, na chupa za vioo za manukato. Hapo kwenye chupa ndipo ninapotaka tukae, wajukuu zangu, maana juzi nimewasikia mkibishana barazani kwamba pafyumu ni mambo ya Dubai na sisi wa pwani ya kusini tumeletewa juzijuzi kwa ndege. Miaka 500 iliyopita mtu mgeni alishuka Kilwa, akanusa, akaandika.

Basi mmoja wenu akaniuliza: kama manukato tunayo zamani hivyo, mbona ule mfuko aliokuja nao binti wa dada yangu kutoka Muscat umewatoa macho kiasi kile? Swali zuri. Mfuko ulikuwa na rangi ya kucha ya kijani, lipstiki mbili, poda yenye kung'aa, na kichupa cha manukato kwenye boksi zito kama la mkufu wa harusi. Kila boksi limeandikwa kwamba ni toleo maalumu. Maana yake, kiwanda kimetengeneza kiasi fulani tu, na zikiisha hazitengenezwi tena. Mlipolisikia hilo, hata wale wasiopaka chochote walisogea.

Sasa angalieni ujanja wa biashara hiyo. Rangi ya kucha si kitu kigumu kutengeneza. Kiwanda kikitaka chupa milioni, kitatoa milioni. Kikiamua kutoa chache, uchache huo kimeupanga chenyewe, mezani, kabla chupa ya kwanza haijajazwa. Mwaka 2009 Chanel, ile nyumba ya mitindo ya Paris, ilitoa rangi ya kucha ya kijani kibichi iliyopauka, ikaiita Jade, nayo ikawa toleo maalumu. Iliisha madukani upesi, watu wakawa wanauziana mtandaoni kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Ile ile rangi, ule ule ujazo wa kidole gumba. Kilichopanda ni hofu ya kukosa.

Siwacheki wanaonunua. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono nikapakwa kidole kimoja, na kijani kile kilinipendeza kweli. Lakini pwani hii ilijua kitu adimu muda mrefu kabla ya Paris, na adimu yetu haikupangwa na mtu.

Chukueni ambari. Kuna nyangumi mkubwa mwenye kichwa kama kasha, chakula chake ngisi. Ngisi ana mdomo mgumu, na tumbo la nyangumi linashindwa kuusaga, basi utumbo wake hutoa kitu cha mafuta-mafuta kama nta kinachozunguka vile vipande vikali. Mara chache, kwa nyangumi wachache, donge hilo hukua na kutolewa baharini; hiyo ndiyo ambari. Likiwa jipya ni jeusi, linanuka kama zizi. Likielea miaka, jua likilichoma na chumvi ikilila, huwa la kijivu au jeupe, na harufu yake hugeuka kuwa tamu, ya bahari na ya mbao kuukuu kwa pamoja. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hizi mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanji, yaani bahari yetu hii, kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa. Sasa fikirini: mvuvi anatembea ufukweni alfajiri, hajui kama leo, mwaka huu, au maisha yake yote ataliona donge moja. Hakuna ofisi iliyoamua idadi. Siku hizi watengeneza manukato wengi hutumia kemikali ya maabara inayoiga harufu ile, na chupa haikosi kuandikwa kwamba ndani mna ambari. Soma kwa makini.

Na pepo nazo zilikuwa na lao. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Marashi ya waridi yaliyokwisha mwezi wa tano hayakuwa na mbadala mpaka pepo zigeuke. Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331, kabla ya kufika Kilwa alishuka Mogadishu, na huko mgeni wa heshima alikaribishwa kwa tambuu na kumiminiwa marashi ya waridi yaliyotoka Damascus. Hesabuni wenyewe safari ya chupa ile: nyika, jangwa, Bahari ya Shamu, kisha jahazi. Kilwa wakati huo alitawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali, na birika lake la pembe nane ambalo mpaka leo mkienda na shule mnaliona. Mtu mwenye birika la namna hiyo hakosi marashi ya kunyunyiza, lakini hata yeye alisubiri pepo.

Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kisiwani, hasa Neville Chittick kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, walipata vijiti vyembamba vya shaba vya kupakia wanja. Navipenda vijiti hivi kuliko sarafu. Sarafu inakwambia nani alitawala. Kijiti cha wanja kinakwambia kwamba palikuwa na mtu asubuhi, kioo mkononi, anahangaika jicho la kushoto lilingane na la kulia.

Turudi kwenye kucha, maana hapa ndipo pwani ya Kilwa na Lindi ina mkono wake ambao wengi hawaujui. Hina mnaijua. Majani ya mhina hukaushwa, yakatwangwa, yakachanganywa na maji na ndimu, kisha yakaachwa yakae. Ndani ya jani mna rangi inayoshikana na ukucha wenyewe na ngozi yenyewe. Ukibandua asubuhi unaona rangi ya chungwa, baada ya siku mbili imekolea kuwa nyekundu ya udongo. Haifutiki ukuchani. Inaondoka ukucha unapokua, kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hina ya Idi unaweza kuiona ikisogea polepole kuelekea ncha miezi kadhaa baadaye.

Rangi ya chupa ni kazi nyingine kabisa. Yenyewe haiingii, inakaa juu kama varnishi ya kabati. Na hiyo si kufananisha tu, ni ukoo wake. Karne ya 19, kutoka misitu ya bara ya Kilwa na Lindi watu walichimba sandarusi, utomvu wa msandarusi uliolala ardhini mpaka ukawa mgumu kama kioo. Ulibebwa vichwani hadi pwani, ukapelekwa Unguja, ukavuka bahari hadi Salem, Marekani, ukawa varnishi ya magari ya farasi na samani za matajiri. Sisi huku tuliufukiza nyumbani unukie, wao kule waliupaka mbao zing'ae. Kisha viwanda vikapata kitu cha bei nafuu: nitroselulosi, yaani pamba au massa ya mti iliyotiwa asidi, ikayeyushwa, ikapakwa. Miaka ya 1920 magari ya Marekani yakaanza kupigwa rangi ya namna hiyo, inayokauka upesi na kumeta. Haikupita muda, mtu akaona kinachong'arisha gari kitang'arisha na ukucha. Mwaka 1932 kampuni ya Revlon ilianza, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa rangi ya kucha. Mpaka leo, ukifungua ile chupa ya toleo maalumu ukasikia harufu inayopanda puani, hicho ni kiyeyushi kinachokimbia hewani na kuacha utando wa nitroselulosi juu ya ukucha.

  

Kwa kuwa ni utando, maji hayapiti. Ndiyo sababu wanawake wengi wa pwani wanaosali wanapenda hina, haizuii udhu, na rangi ya chupa huipaka siku ambazo hawasali, kisha wakaifuta. Mabinti wa Muscat na wa Kivinje wanalijua hili sawasawa, hawakufundishwa na tangazo. Na nyinyi mnaopaka, pakeni tabaka jembamba, subirini, kisha jingine. Nilimwona mmoja wenu amemimina tabaka nene kisha anapepea kwa daftari. Juu imekauka, chini bado mbichi. Akashika kikombe, kijani chote kikahamia kwenye kikombe.

Lipstiki na poda sitaziongelea sana. Zilikuwa nzuri, zilinukia vanila, na ule mng'ao wa poda mara nyingi ni madini ya ulanga yaliyosagwa laini.

Ila manukato, hapo tukae. Kichupa kiliponyunyizwa, wote mlisema papo hapo: "Mazuri!" au "Makali!" Mlihukumu mapema. Manukato ya chupa hupangwa kwa awamu. Kwanza huruka vitu vyepesi, ndimu na machungwa, vinaondoka na spiriti ndani ya dakika chache. Halafu yanakuja maua. Mwisho kabisa, saa kadhaa baadaye, hubaki vizito: sandali, udi, miski, ambari. Kwenye joto la Lindi la mwezi wa pili awamu hizo hukimbizana. Kinachodumu saa sita kwenye baridi ya Ulaya, hapa hakifiki hata adhuhuri.

Bibi zetu walilijua joto hilo, kwa hiyo hawakuitegemea spiriti. Walitumia moshi na mafuta. Udi kwenye chetezo, tenga juu yake, nguo zikatandazwa juu ya tenga mpaka moshi ukaingia kwenye nyuzi. Liwa ilisagwa kwa kusugua mti wa sandali juu ya jiwe na marashi kidogo, ikapakwa mwilini. Kikuba kilifungwa kwa asumini, mrehani, mkadi na langilangi, kikabandikwa kwenye nywele au kifuani, na kikawa na uhai wa usiku mmoja. Somo alipomwandaa bibi harusi, vyote hivyo vilifuatana siku kwa siku, na mpangilio ulikuwa wake yeye. Nyumba ya jirani ilinukia vingine.

Hiyo langilangi isiwapite. Inalimwa sana Ngazija na Anzwani, kwa ndugu zetu wa Komoro. Hadithi ya kale ya Kilwa inasema majahazi saba yalitoka Shirazi, moja likatia nanga hapa, jingine Anzwani. Ua hilo linachumwa alfajiri, linakenekwa, na mafuta yake yanakwenda Ufaransa. Chanel No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, ina langilangi ndani yake. Kwa hiyo binti akijinyunyizia hiyo hapa Kilwa Masoko, sehemu ya harufu ni ya ua ambalo bibi yake alilibandika nyweleni bure.

Na upande wa Omani, mwaka 1983 Sultani Qaboos aliagiza nyumba ya manukato ianzishwe, ndiyo Amouage, na chupa yake ya kiume imechukua umbo la mpini wa jambia. Mtungaji wa manukato ya kwanza alikuwa Mfaransa, Guy Robert, na walimpa ubani wa Dhofar autumie. Mnaona jinsi mali inavyozunguka.

Mmeniomba pia niwaambie mpake nini na mwache nini. Kitu kipya kipakeni kidogo ndani ya mkono, juu ya kiwiko, msubiri siku mbili. Kikiwasha, basi, hata kiwe cha dhahabu. Piko nyeusi ya kupaka kwa haraka iogopeni: mara nyingi imetiwa dawa ya kutia nywele rangi, nayo huweza kubabua ngozi ikaacha kovu la ua lile lile mlilolichora. Wanja usiojulikana ulikotoka unaweza kuwa na risasi, na mtoto mchanga asipakwe. Mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni umepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo angalieni alama. Toleo maalumu nalo huigwa, kwa sababu mnunuzi anaharakisha. Pindueni chupa, tafuteni namba ya toleo chini yake, mlinganishe na namba iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisheni.

Na wewe uliyekuwa unataka kuuza kuku wako wawili upate ile ya kijani, mwombe binti wa dada yangu akupake vidole viwili leo. Kaa navyo wiki. Utaona vinabanduka siku ngapi ukifua na kupara samaki, kisha uje tuzungumze habari ya kuku.