Ndai Bila Kichwa, Mombasa Hadi Malindi

Wasee, kabla mbogi ichange ganji ya kukodi ndai bila paa, wacha niwashtue: barabara ya Mombasa–Malindi ni ya pwani, lakini bahari huioni. Ni kilomita kama 120, na maji yanajitokeza tu ukivuka daraja: Nyali, Mtwapa, Kilifi. Baada ya hapo yanahepa tena nyuma ya minazi, maploti na kuta za mahoteli. Ile video ya Insta, manzi amesimama kiti cha nyuma, mikono juu, mawimbi yakipasuka kando ya lami? Hiyo si huku. Huku mawimbi yako mbali upande wa kulia, na katikati kuna shamba la mtu.

Na bado nikiwa na doh, ndai ya kukodi hii njia ni konvatibo. Paa ikishatoka, pua na masikio ndiyo yanakula raha, macho yanafuata tu. Ndani ya Prado yenye vioo vimefungwa na AC inavuma, Mombasa hadi Malindi ni jamu, matuta na minazi. Bila paa, hiyo safari ina mahamri, moshi wa makaa, adhana, samaki, mvua ya mbali na watoi wakipiga kelele “Sonko! Sonko!” kutoka stage. Sonko mwenyewe amechangiwa na mabeshte watatu, lakini hayo hawayajui.

Tubonge bei. Benz ya paa la kukunja kwa siku moja inaweza kumeza rent ya bedsita ya mwezi, na bado kuna dipoziti. Kwa hivyo soma mkataba hadi mwisho, hasa pale pameandikwa bima inalipa wapi na wewe unalipa wapi, una kilomita ngapi kwa siku, na kama barabara ya vumbi inaruhusiwa. Piga video ya ndai yote kabla uwashe, rimu kwa rimu, na paa ikifunguka na kufungika.

Alafu mzigo. Hapa ndipo wengi huchoma picha. Paa ikikunjwa inalala ndani ya buti, na kuna kizibo cha kuvuta kinachotenga nafasi yake. Kizibo kisipokaa, paa haitoki, na ukijaza suitkesi kizibo hakikai. Nimeona mbogi nzima imesimama nje ya gesti, luku safi, miwani safi, inabonyeza kile kitufe na ndai imekataa kabisa, kisa ni buti imejaa viatu. Begi moja laini kwa kila mtu, basi. Na msichange watu wanne kama wote wanataka kujibamba: upepo mbaya uko nyuma. Wa mbele wanapigwa ngoma, wa nyuma wanapigwa makofi ya hewa hadi Malindi. Kati ya Disemba na Machi, kaskazi ikivuma, mnakwenda mkiikabili uso kwa uso. Mwenye wigi na ajue.

Jua nalo halina urafiki. Saa sita mchana kiti cha ngozi nyeusi kinachoma mapaja, na ukiwa na kaptula utaruka kabla ukae. Tandika leso, au kikoi kama umeamua kuwa mtalii. Lakini dawa yenyewe ni saa: toka kisiwani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, funga paa kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni, kisha ifungue tena. Mtu wa kutesa na paa wazi saa saba mchana anatafuta likes, na atapata pia kichwa kuuma.

Ukivuka Nyali mapema, mwanga uko chini na maji yametulia. Daraja hili ni la 1980. Kabla yake lilikuwepo la kuelea juu ya maji tangu 1931. Hapo mbele kuna Kongowea, na hii ndiyo dakika konvatibo inaanza kulipa: vitunguu, ndizi, mafuta ya bajia, mikokoteni, makanga wanaita, yote inaingia ndani bila kubisha. Mahamri na mbaazi chukua hapo karibu, usingoje hoteli.

Mtwapa ni jamu. Barabara imekuwa ikipanuliwa kwa miaka, na lami inabadilisha mkondo kila ukizoea. Kwa ndai ya chini, kila tuta ni mtihani: lipande kwa upande, gurudumu moja moja, pole pole, usijali honi za mat nyuma yako. Lakini jamu bila paa ina mambo yake. Muuza korosho hana kioo cha kugonga. Anafika tu, anaweka pakiti mapajani mwa dame, anaegemea mlango kama mko baraza moja. “Onja, dadangu, kuonja si deni.” Ukionja umenunua. Wa madafu naye anaangalia angani, anaangalia ndai, anauliza dereva, “Kaka, mvua ikija hii mwateka maji ama mwashuka?” Ni swali halali. Mvua ya pwani haibishi hodi. Paa nyingi huchukua kama sekunde 20 kufunga, zingine hata mkisonga polepole, lakini uliza mwenye ndai kabla, usije ukajifunza hapo Kikambala maji yakiwa kwa viatu.

Vipingo ni mkonge tu, mistari mirefu kushoto na kulia, na harufu chachu ukipita upepo ukitoka upande wa kiwanda. Wengine wanaziba pua. Mimi naona afadhali hiyo kuliko kale kamti ka kunukia kananing’inia kwa kioo.

Kilifi ndiyo picha mnayoitaka. Daraja lilifunguliwa 1991, kabla ya hapo watu walikuwa wanavushwa na feri, na ukiwa juu yake mkono wa bahari uko chini kabisa, mashua nyeupe zimetulia, bluu ya aina mbili tatu. Usisimame katikati. Karao hana haja ya sababu nyingine. Vuka, tafuta mahali pa kupaki, rudi kwa miguu kwa njia ya watembea.

Baada ya Kilifi watu wengi wanalala. Msilale. Kabla ya Gede barabara inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita 420 za mraba za msitu wa pwani, ndovu wakiwemo, na hewa inabadilika ghafla. Ngozi inajua kabla ya macho: baridi inatoka kushoto, majani mabichi, udongo. Zimeni ngoma hapo kidogo. Hakuna ndai yenye paa inayokupa hiyo kitu.

Gede yenyewe, mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Ingieni, ila fungeni paa kwanza. Kima wa pale wamezoea wageni, na ndizi iliyoachwa kwa kiti ni mwaliko.

Malindi utakuta nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa 1498, pitsa kibao, na vijana wa ufuoni wanaokusalimia kwa Kiitaliano kabla ya Kiswahili. Ukiwa na muda, panda hadi Ngomeni. Kutoka kwa jukwaa la Waitaliano baharini pale ndipo setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndiyo sababu ya hilo jina. Watoi wa Kanairo wengi hawana habari.

Njia za vumbi, kama ya kuenda kuona makorongo ya Marafa, si za hii ndai. Chukueni Probox, au tuktuk ikikubali, Benz ibaki Malindi. Ipaki kwa mwarobaini, ama kwa jua kama hakuna kivuli kingine. Kwa mnazi hapana, hiyo paa ni kitambaa. Na askari wa geti akiapa kwamba hapo nazi hazianguki, angalia juu mwenyewe.